Kelele za tangi la samaki, bibi yangu, na bomba lisilofanya kazi

Haya jamani, leo siandiki siasa. Nimeichoka, na nadhani nanyi mmeichoka. Leo naandika habari ya maji. Si maji ya bombani, hayo tumeshayaandika mpaka wino umekauka. Naandika habari ya maji ya tangi langu la samaki, ambayo mwaka jana nusura yanikosanishe na watu wawili ninaowaheshimu: bibi yangu mzaa mama, na mama mmoja anayekaa ghorofa ya chini yangu hapa Dar.

Najua wapo watakaosema, "Huyu bwana ana raha zake, watu wanatafuta unga yeye anafuga samaki wasioliwa." Mna haki ya kusema. Hata bibi alisema hivyo hivyo. Lakini nisomeni mpaka mwisho, maana nina ugomvi na tabia moja tuliyo nayo wengi wetu, na samaki ni mfano tu niliofundishwa nao kwa gharama yangu mwenyewe.

Kwanza niwaeleze nilicho nacho. Sebuleni kwangu kuna tangi la kioo la sentimita 120 kwa 40 kwa 50. Likijaa kabisa ni lita 240. Ndani wamo samaki wadogo kutoka Ziwa Tanganyika, jina lao la kitaalamu ni Neolamprologus brevis. Hawazidi urefu wa kidole, na makazi yao ni magamba matupu ya konokono. Dume na jike hushirikiana gamba moja, humo hulala, humo hutaga. Ukiwaangalia nusu saa utasahau habari zote mbaya za siku hiyo. Ziwa hilo lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii hii, na karibu zote hazipatikani kwingine kokote duniani. Wapo Wajerumani wanaowajua kwa majina mmoja mmoja, sisi wenye ziwa tunawaita "vile visamaki."

Chini ya tangi hilo, ndani ya kabati, kuna tangi la pili, dogo, la sentimita 60 kwa 35 kwa 40. Maji yanayozidi juu yanashuka kwa bomba mpaka tangi la chini, yanachujwa, kisha pampu inayapandisha tena. Ile njia ya kutolea maji yanayozidi ndiyo mafundi wetu wanaiita ovaflo, kama ile ya tangi la maji la juu ya paa. Faida yake ni kwamba uchafu wa juu ya maji, ule utando kama wa mafuta, unashuka nao, na kina cha maji kwenye tangi la juu hakibadiliki hata kidogo. Ubaya wake ni kelele.

Fundi wa vioo aliyenitengenezea tangi alitoboa tundu moja upande wa nyuma, karibu na ukingo, akaweka bomba moja la inchi moja, likaenda moja kwa moja chini. Kazi safi, nikamlipa, tukaagana. Nilipowasha pampu, sebule ikaanza kukoroma. Gulugulugulu, kimya kidogo, kisha fyooonz, halafu gulugulu tena. Usiku na mchana.

Unajua nilifanya nini? Nikaizoea. Tena nikaanza kuipenda. Nikitoka kazini nikisikia gulugulu nasema aah, samaki wako hai, pampu inafanya kazi. Wageni wakiuliza nawajibu kwa maringo, "Hiyo ni sauti ya maji, inatuliza akili." Ilikuwa haitulizi chochote. Nilikuwa napandisha sauti ya televisheni.

Kisha akaja bibi.

Bibi anaishi Ujiji. Alikuja Dar kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nyumba yangu ina chumba kimoja cha kulala, nikampa kitanda changu, mimi nikalala sebuleni. Usiku wa kwanza, saa nane, nikasikia mtu anapapasa ukuta. Ni bibi, jicho moja limefunikwa, la pili nalo lina ukungu, anatafuta bafu.

"Bibi, unataka nini?"

"Mjukuu wangu, choo chenu kinavuja. Nimekuja kufunga koki."

Nikamweleza kwamba si choo, ni samaki. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi nimezaliwa ukingoni mwa ziwa, mwanangu. Ziwa halilii hivi." Akarudi kulala. Saa kumi akaamka tena. Usiku wa pili vivyo hivyo, na safari hii akajikwaa kwenye ndoo niliyoiacha koridoni. Hakuanguka, alishika mlango. Lakini mimi moyo wangu ulianguka. Mtu aliyetoka kupasuliwa jicho juzi, anatembea gizani kwa sababu ya gulugulu ninayojidai inatuliza akili!

Mchana ule nikafanya ujinga ambao ndio sababu ya kuandika yote haya. Nikachukua kipande cha sponji, ile ya kuoshea vyombo, nikakichomeka kwenye mdomo wa bomba. Kelele ikakata papo hapo, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikajipongeza. Shilingi mia chache, tatizo limekwisha. Bibi akalala usiku ule mpaka adhana ya alfajiri.

Usiku uliofuata, sponji ikajaa uchafu na mabaki ya chakula. Maji yakakosa njia ya kushuka. Pampu haijui habari hiyo, yenyewe inaendelea kupandisha.

Nimepiga hesabu baadaye, na naomba mnifuate maana namba hizi zina funzo. Pampu yangu inapandisha lita 1,200 kwa saa. Nilipima kwa ndoo ya lita 20, inajaa kwa dakika moja. Tangi la juu lina eneo la sentimita 120 kwa 40, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 4.8. Nafasi iliyobaki mpaka ukingoni ilikuwa sentimita 2, yaani chini kidogo ya lita 10. Tangi la chini lilikuwa na maji ambayo pampu ingeweza kuyanyonya, karibu lita 38. Toa 10 kwenye 38, unabaki na lita 28 ambazo makazi yake ni sakafu yangu. Kwa kasi ile, bomba likiziba kabisa, kazi yote inakwisha ndani ya dakika mbili. Dakika mbili!

Sakafu ikalowa, na juu ya sakafu kulikuwa na ekstensheni. Bibi ndiye aliyeamka kwanza, pekupeku. Bahati, au tuseme Mungu, mimi nilisikia mlango wa chumba ukifunguka nikapiga kelele, "Bibi simama hapo hapo usisogee!" nikakimbilia swichi kuu. Sitaki kuandika yale ambayo yangeweza kutokea. Asubuhi mama wa chini akapanda, khanga kichwani, hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema tu, "Mwanangu, dari langu limelowa mpaka kwenye taa. Watoto wanalala pale."

Nikamlipia dari. Kisha nikakaa na kujiuliza lile swali ambalo ningejiuliza siku ya kwanza: hivi kwa nini bomba linapiga kelele?

Jibu ni hewa. Bomba likiwa na maji nusu na hewa nusu, maji yanashuka yakizunguka ukuta wa bomba, hewa inavutwa katikati. Kila mara maji yanajaa, yananyonya kwa nguvu, kina kinashuka, hewa inaingia kwa kishindo, mnyonyo unakatika, mzunguko unaanza upya. Hiyo ndiyo gulugulu. Ni maji na hewa vinagombea njia moja. Bomba likiwa limejaa maji matupu, bila hewa hata kidogo, halina sauti. Mliowahi kuona mtu ananyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye gari mnajua: mafuta yakishaanza kushuka, mpira haulii. Umejaa, umetulia, na unapitisha mafuta mengi kuliko ungepitisha ukiwa nusu hewa.

Kwa hiyo dawa ya kelele si kuziba mdomo wa bomba. Dawa ni kuondoa ugomvi.

Wafugaji wa samaki wa ng'ambo wameshalifanyia kazi jambo hili miaka mingi, na mitindo yao ina majina. Upo unaoitwa Durso: bomba moja, juu yake kuna tii yenye kifuniko chenye tundu dogo, hewa inaingia kwa utaratibu badala ya kuingia kwa vita. Unapunguza kelele sana, lakini bomba linabaki moja, likiziba umekwisha. Upo wa mabomba mawili unaoitwa Herbie. Upo wa mabomba matatu unaoitwa BeanAnimal. Tena upo ule wa bomba lililopinda kama U linalopanda ukingo wa tangi na kushuka nje, kwa wale wasiotaka kutoboa kioo. Huu wa mwisho nawaomba muuogope. Ukiwa umejengwa kienyeji, viputo hukusanyika pale juu kwenye mpindo kidogo kidogo mpaka mnyonyo unakatika, na hapo pampu inakumwagia maji chini kama ilivyonimwagia mimi. Na katika mji ambao umeme bado hukatika bila hodi, huwezi kutegemea mnyonyo ambao ukikatika unahitaji mtu aje auanzishe kwa mdomo. Waliopitia mgao wa 2006, na ule wa mwishoni mwa 2023, wananielewa.

Nikachagua mabomba mawili. Nikamrudia fundi wa vioo na mchoro kwenye daftari. Tundu la pili, nyuma, karibu na lile la kwanza. Kwa ndani, kisanduku cha kioo kirefu sentimita 40, kimegandishwa kwa silikoni, ukingo wake uko sentimita 46 kutoka chini. Maji ya tangi yanapita juu ya ukingo huo, yakiwa yametandazwa kama karatasi, yanaingia kisandukuni, na mabomba yote mawili yanaanzia humo.

Fundi akauangalia mchoro, akakuna kidevu. "Kaka, hili bomba la kwanza nimelielewa. Hili la pili linapitisha nini?"

"Halipitishi kitu."

"Halipitishi kitu siku zote?"

"Siku zote. Labda siku moja."

Akacheka. "Mwandishi, pesa zako. Unanunua bomba lisilofanya kazi."

Nikacheka naye, lakini maneno yale nimekaa nayo sana. Nitayarudia.

Sasa wale wanaotaka kujaribu, hii hapa kazi yenyewe. Kwanza, kutoboa. Kioo cha kawaida kinatobolewa kwa keekee yenye ncha ya mviringo ya almasi, taratibu, huku maji yakimwagiliwa pale pale muda wote kisipate moto. Kile kioo cha usalama, kinachovunjika punje punje kama cha madirisha ya gari, hakitobolewi kamwe. Ukigusa tu kinamwagika chote. Uliza kabla, na kama huna uhakika usijaribu. Samaki wangu walikaa kwenye ndoo na pampu ya hewa wakati kazi inafanyika, na silikoni nikaiacha ikauke siku kadhaa bila haraka. Hakikisha ni silikoni isiyo na dawa ya ukungu, maana dawa hiyo huwadhuru samaki.

Bomba la kwanza, la kazi: ndani ya kisanduku nimeweka elbo inayoangalia chini, mdomo wake uko ndani kabisa ya maji ili usivute hewa. Linashuka mpaka tangi la chini, na karibu na mwisho wake kuna koki. Msinunue ile koki ya mkono inayofunguka kwa robo mzunguko, ukiigusa kidogo tu umezidisha. Nunua ile yenye kigurudumu cha kuzungusha, inayofunga taratibu. Mwisho wa bomba uzame kwenye maji ya tangi la chini sentimita 2 au 3 tu. Ukizamisha sana, hewa iliyomo ndani inashindwa kutoka wakati wa kuanza. Ukiacha juu ya maji, litamwagika kwa sauti.

Bomba la pili, la akiba: elbo inaangalia juu, mdomo wake uko sentimita 2 chini ya ukingo wa kisanduku. Hili ni la inchi moja, halina koki, halina sponji, halina chujio, halina chochote. Mwisho wake nimeuacha juu ya maji ya tangi la chini, makusudi. Sababu nitawaambia.

Ukiwasha pampu, fungua koki yote. Bomba la kazi litakoroma kwa muda mfupi likitoa hewa, kisha litajaa na kunyamaza. Hapo anza kufunga koki kidogo, subiri dakika tano, funga kidogo tena. Unachotafuta ni maji ndani ya kisanduku yasimame chini kidogo ya mdomo wa bomba la akiba. Mimi yangu yanasimama kama sentimita 3 chini ya ukingo, kwa hiyo maji yanapoingia kisandukuni yanaanguka sentimita 3 tu, na anguko fupi halina kelele. Ukifika hapo, kiasi kinachopanda na kinachoshuka kimelingana. Sitawadanganya, usawa huo hausimami milele. Utelezi unajijenga ndani ya bomba, maji ya chini yanapungua kwa jua na joto letu, kina kinasogea. Kila wiki naigusa koki kidogo. Ule mtindo wa mabomba matatu unaondoa usumbufu huo, maana bomba la kati hupokea matone ya ziada na kujirekebisha lenyewe. Mwenye nafasi ya matundu matatu afanye matatu.

Na umeme ukikatika? Hapa ndipo wengi wanapoumia. Bomba la kurudishia maji juu, kama mdomo wake umezama, linageuka mnyonyo wa kurudi chini. Langu lilikuwa limezama sentimita 12. Zidisha kwa 4.8, hizo ni karibu lita 58, na tangi la chini lina nafasi ya lita 38 hivi. Nikatoboa tundu dogo kwenye bomba hilo, sentimita moja na nusu chini ya uso wa maji. Maji yakishuka mpaka pale tundu linavuta hewa, mnyonyo unakufa. Sasa zinashuka kama lita 7, pamoja na yaliyomo kwenye kisanduku hazizidi 10. Usitegemee valvu ya kuzuia maji kurudi, konokono mmoja au jani moja linatosha kuiacha wazi. Tundu ni tundu, ilimradi ulisafishe.

Jambo jingine: kwenye tangi la chini nimegawa chumba cha pampu kwa kipande cha kioo. Chumba hicho kina maji ambayo pampu inaweza kuyafikia, lita 12 hivi, basi. Juu nina nafasi ya sentimita 4 mpaka ukingoni, yaani lita 19. Maana yake ni kwamba hata mabomba yote mawili yakiziba usiku mmoja, pampu itapandisha lita zake 12 na kubaki inanyonya hewa. Pampu itaungua labda. Dari la jirani halitalowa. Na ile ekstensheni sasa imepigiliwa ukutani, juu, nyaya zote zinashuka chini ya soketi kwanza ndipo zinapanda kuingia, ili tone likifuata waya lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme. Hili la waya halina gharama yoyote. Fanyeni leo, hata kama mna tangi la lita 20.

Siku ya majaribio nilimwita mama wa chini. Nilidhani ni haki yake. Nikamwonyesha, nikazima pampu, nikawasha, mara kumi. Kila mara bomba likakoroma kidogo na kunyamaza lenyewe. Kisha nikaziba bomba la kazi kwa kiganja. Maji yakapanda kisandukuni sentimita moja, yakaingia bomba la akiba, na hapo sebule nzima ikasikia: shwaaaa, yanamwagika tangi la chini. Kisanduku hakikufurika. Mama akaangalia, akasema, "Shikilia hapo hapo, usitoe mkono." Akashuka kwake kukagua dari. Nilisimama na mkono majini kama dakika nne mpaka akarudi. "Hamna kitu," akasema. Ndipo akakubali soda.

Mmeona sasa kwa nini mwisho wa bomba la akiba nimeuacha juu ya maji. Nataka lipige kelele. Zamani tangi langu lilipiga kelele masaa 24, kwa hiyo kelele haikuwa na maana yoyote, hata ingebadilika nisingejua. Sasa nyumba iko kimya, kwa hiyo siku nikisikia shwaaa najua kuna kitu kimeziba, na nina muda wa kuamka, kuvaa kandambili na kwenda kusafisha, wakati bomba la akiba linanibebea mzigo. Imeshatokea mara moja tangu wakati ule. Gamba la konokono lilivutwa likakaa kwenye mdomo wa bomba la kazi. Nilisikia, nikaamka, nikalitoa, nikalala.

Sasa ule ugomvi wangu niliowaahidi.

Sisi tumezoea mambo mawili kuhusu kelele, na yote mabaya. La kwanza ni kuichukulia kelele kuwa ndiyo kazi. Jenereta likinguruma, basi biashara ipo. Mkubwa akifoka, basi ofisi inakwenda. Kitu kikifanya kazi kimya kimya hatukiamini, tunahisi kimezimwa. La pili ni kwamba kelele ikituchosha, hatuulizi inatoka wapi. Tunatafuta sponji. Mtoto analia, mpe simu. Mfanyakazi analalamika, mhamishe. Gari linagonga kwa chini, ongeza sauti ya redio. Na kimya kinachopatikana kwa sponji kinafanana kabisa na kimya cha kweli, hiyo ndiyo hatari yake. Usiku ule wa sponji nililala vizuri kuliko usiku wowote wa mwezi ule. Mimi ni mwandishi wa habari, sponji naijua ikielekezwa kwenye kazi yangu, naitambua kwa mbali. Kwenye sebule yangu mwenyewe niliichomeka kwa mkono wangu na kujipongeza.

Na lile bomba lisilofanya kazi? Fundi wangu ni mtu makini, na alichosema ndicho wengi wetu tunachosema. Tunaona kitu cha akiba kama hasara. Mlango wa dharura tunauwekea makreti ya soda. Gurudumu la akiba tunalitumia kama gurudumu. Kisha jambo likitokea tunasema ni bahati mbaya. Mimi ya kwangu haikuwa bahati mbaya. Hesabu ya lita 28 ilikuwepo pale pale tangu siku ya kwanza, ilikuwa inasubiri mtu aifanye. Nilikuwa na penseli, nilikuwa na rula, sikuwa na nia.

Atakayesema ningetafuta kichujio cha kuning'iniza tu, niachane na mabomba, namkubalia nusu. Kwa tangi dogo ni sahihi kabisa. Lakini mwenye tangi linalopandisha na kushusha maji, awe ameanzisha kwa mapenzi au kwa kurithi, asikae na bomba moja. Hata kama halilii.

Bibi alirudi Dar miezi mitatu baadaye kwa jicho la pili. Usiku wa kwanza nilisubiri. Saa nane ikapita. Asubuhi akaja sebuleni, mara hii anaona vizuri, akasimama mbele ya tangi akiwaangalia wale samaki wanaingia na kutoka kwenye magamba.

"Umeizima ile mashine?"

"Hapana bibi, inafanya kazi."

Hakuniamini. Akaweka kiganja chake kwenye bomba, akakiacha pale kidogo, akahisi maji yanapita.

"Sawa," akasema. "Lakini hawa hawaliki."